Kemia Kazini: Vali ya Plastiki katika Majitaka ya Kiwanda cha Mabati

Swali la kutu unalijua. Misumari mitatu, neli tatu za majaribio, maji yaliyochemshwa, tabaka la mafuta juu yake. Ukilikuta kwenye karatasi utatabasamu. Lakini mtunzi wa mtihani anaweza kukuuliza jambo lilelile kwa sura usiyoizoea:

Kiwanda cha mabati kinatumia vali ya plastiki inayoendeshwa kwa umeme, badala ya vali ya chuma, kwenye bomba la majitaka yenye asidi. (a) Eleza kwa nini. (b) Taja hali mbili ambazo vali hiyo haitafaa.

Wengi huandika "kwa sababu plastiki haishiki kutu" na kuhamia swali linalofuata. Si kosa, ila hiyo ni alama moja tu. Tutafute zilizobaki.

Majitaka haya yanatoka wapi?

Kabla ya chuma kuchovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa kwa joto la takriban 450 °C, lazima kiwe safi. Kwanza huondolewa mafuta, mara nyingi kwa alkali ya moto. Kisha hutiwa kwenye asidi hidrokloriki ili kutu itoke:

Fe₂O₃ + 6HCl → 2FeCl₃ + 3H₂O

Halafu husuuzwa kwa maji. Maji hayo ya kusuuzia ndiyo majitaka yetu: yana asidi, ioni za chuma na ioni za zinki. Hayaruhusiwi kumwagwa mtoni yakiwa hivyo. Nchini Kenya, kwa mfano, Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 zilitaka maji yanayomwagwa kwenye mazingira yawe na pH kati ya 6.5 na 8.5.

Kwa hiyo majitaka hukusanywa kwenye tangi, na alkali huingizwa kidogokidogo kupitia vali mpaka asidi ibatilike. Ukiielewa kazi ya vali hiyo, umeielewa mada yote.

Vali yenyewe

Chukulia mpira mdogo uliotobolewa tundu la moja kwa moja katikati, ukakaa ndani ya bomba. Tundu likielekea upande wa bomba, maji hupita. Ukiuzungusha mpira kwa nyuzi 90, tundu hutazama ukuta na maji husimama. Hiyo ndiyo vali ya tufe. Koki nyingi za mkono mfupi zilizo karibu na mita ya maji nyumbani ni za aina hii. Tufe hukaa kati ya viti viwili, ambavyo kwa kawaida hutengenezwa kwa PTFE, plastiki ileile inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha. Oringi za mpira huzuia uvujaji kwenye shafti.

Juu yake hufungwa kiendeshi: mota ndogo ya umeme na gia. Mota huzunguka haraka lakini kwa nguvu ndogo. Gia hupunguza mwendo na kuongeza nguvu ya kuzungusha. Swichi za kikomo hukata umeme tufe linapofika mwisho wa safari yake.

Kwa nini si chuma?

Rudi kwenye asidi. Asidi iliyoletwa kiwandani ili ile kutu haitachagua. Itakula na bomba:

Fe + 2HCl → FeCl₂ + H₂

Katika mmenyuko huu kila atomu ya chuma hupoteza elektroni mbili na kuwa ioni. Hapo ndipo penye jibu la (a). Ulikaji wa metali ni kupoteza elektroni. PVC ni mnyororo mrefu wa atomu zilizoshikana kwa bondi za kovalenti, haina elektroni huru za kutoa, hivyo asidi hidrokloriki ya kawaida haina pa kuanzia. Andika sentensi hiyo na mtahini ataona kwamba umeelewa, hukukariri.

Kuna mtego hapa: chuma cha pua. Mwanafunzi husema "basi watumie chuma cha pua, hakishiki kutu." Chuma cha pua hulindwa na tabaka jembamba la oksidi ya kromiamu. Ioni za kloridi hulitoboa tabaka hilo na kuacha vishimo, na majitaka haya yamejaa kloridi. Vali ya bei kubwa hutoboka, nayo ya plastiki ya bei ndogo hubaki.

Hesabu ya matone

Tangi lina lita 5,000 za majitaka yenye HCl ya 0.01 M, yaani pH 2. Tuache ioni za metali kando kwanza.

Moli za HCl = 0.01 × 5,000 = 50
HCl + NaOH → NaCl + H₂O, kwa hiyo NaOH inayohitajika ni moli 50
Uzito = 50 × 40 = gramu 2,000, yaani kilo 2

Ukitumia mmumunyo wa NaOH wa 4 M, kila lita ina gramu 160, hivyo unahitaji lita 12.5. Vali hufunguka, lita 12.5 huingia, pH hufika 7, vali hufunga. Kazi imekwisha.

Sasa tuseme kiti cha vali kimelika na vali haifungi sawasawa. Inadondosha tone moja kwa sekunde. Tone lina takriban sentimita za ujazo 0.05. Baada ya matone 250 (dakika nne na ushee) zimeingia sentimita za ujazo 12.5, zenye gramu 2 tu za NaOH. Hizo ni moli 0.05 katika lita 5,000, yaani 0.00001 M, na pH imefika 9. Umevuka kikomo cha 8.5 kwa chini ya vijiko vitatu vya chai! Katika majitaka halisi pH hupanda polepole zaidi kwa sababu kaboni dioksidi na chumvi nyingine zilizomo hunywa sehemu ya alkali, lakini mwelekeo ni huohuo. Vali ikiachwa idondoshe kwa saa 8 za usiku, huingia takriban gramu 230, na pH hukaribia 11.

Na hapo zinki inarudi. Unakumbuka jaribio la kutambua ioni? Ukitia NaOH kidogo kwenye mmumunyo wenye Zn²⁺ hupata mashapo meupe. Ukizidisha, mashapo hutoweka. Zinki hidroksidi ina tabia mbili, humenyuka na asidi na pia na alkali. Katika neli ya jaribio hilo ni jambo la kupendeza. Katika tangi la kiwanda ni balaa, kwa kuwa zinki iliyokuwa imetuama chini, tayari kuchujwa, huanza kurudi majini na kuondoka nayo. Mwenye kisima chini ya kiwanda hataiona, kwani maji yatakuwa meupe safi.

Plastiki nayo ina adui

Kwa sehemu (b), anza na joto. Vali ya PVC ya kawaida haitakiwi kuzidi takriban 60 °C, na hata kabla ya hapo kanieneo inayoweza kuhimili hushuka kadiri joto linavyopanda. Ndiyo maana kwenye alkali ya moto ya kuondolea mafuta hutumiwa plastiki nyingine, kama polipropilini.

La pili ni viyeyushi. Asetoni hulainisha PVC. Gundi ya mabomba ya PVC hufanya kazi kwa njia hiyohiyo.

La tatu husahaulika: oringi. Mwili wa vali unaweza kuwa imara huku mpira wake ukiharibika. Mpira wa EPDM huvumilia asidi na alkali lakini huvimba kwenye mafuta. Mpira wa FKM huvumilia mafuta lakini haupatani na alkali kali. Fundi anayeuliza "ni ya PVC?" bila kuuliza oringi ni za nini, ameuliza nusu ya swali.

Umeme ukikatika

Vali ya kawaida ya umeme husimama pale ilipokuwa. Ikiwa ilikuwa wazi, hubaki wazi, na alkali huendelea kuingia. Kwa hiyo vali ya kuingiza kemikali huwekewa springi au betri ya kuifunga umeme unapokosekana, pamoja na mkono wa kuizungusha.

Maswali ya kujipima

1. Eleza, kwa kutumia elektroni, kwa nini HCl hula chuma lakini haili PVC. (alama 3)

2. Tangi la lita 2,000 lina HCl ya 0.02 M. Kokotoa uzito wa Ca(OH)₂ unaohitajika kuibatilisha. (Ca = 40, O = 16, H = 1) (alama 4)
Dokezo: moli moja ya Ca(OH)₂ hubatilisha moli mbili za HCl. Anayesahau hili hupata gramu 2,960, mara mbili ya jibu sahihi, gramu 1,480.

3. Mhudumu aliona mashapo meupe kwenye tangi jioni, na asubuhi hayakuwepo. Vali ya NaOH ilikuwa ikidondosha. Eleza kilichotokea, na taja kitu kimoja cha kuongeza kwenye tangi ili mashapo yarudi. (alama 4)