Baiskeli ya Injini Inakohoa Mlimani

*Nimefunga injini ya stroki mbili kwenye baiskeli. Inawaka vizuri, lakini nikipanda mlima inakohoa, inafuka moshi na kuzima. Nimeshaiua? – Msomaji, Sosiot, Kericho*

Hajaiua, anasema fundi. Huenda inanyweshwa petroli kupita kiasi: nyanda za Kericho ziko karibu mita 2,000 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta ya kiwandani haikupimiwa huko.

Afungue plagi. Ikiwa nyeusi tena imelowa, aisafishe, kisha apandishe kibanio cha sindano ya kabureta ngazi moja ili sindano ishuke. Oili? Mililita 50 kwa lita ya petroli zinatosha injini mpya.

Plagi ikiwa nyeupe, asiendeshe: huenda gasketi inavuja hewa. Hapo amwone fundi wa bodaboda, akague na breki. Miteremko ya Sosiot haina mzaha.