Habari Nayo Hupitishwa Kwenye Mzani



Mchuma chai hakubali kilo za kukisia. Husimama karibu na mzani, akahakikisha karani ameandika kile mzani ulichoonyesha. Kilo ikipunjwa, chakula cha watoto kimepunjwa. Katika somo la leo tutaona kwamba habari nayo yataka mzani, na kwamba mwandishi asiyepima huweza kuwapunja watu wengi kwa siku moja.

KANUNI YA KAZI

Mwandishi wa habari ni mfanyakazi kama sisi, na kazi yake ina maadili. Hapa Uganda maadili hayo yamo katika Sheria ya Magazeti na Waandishi wa Habari ya mwaka 1995. Kanuni ya kwanza yakataza mwandishi kueneza habari au shutuma kabla ya kuhakikisha ukweli wake. Tena asipokee rushwa ili achapishe jambo au alifiche. Na akikosea, asahihishe.

MFANO WA JIRANI

Kutoka huku Kabingo, makazi ya wakimbizi ya Nakivale si mbali. Hadi mwanzoni mwa 2018 magazeti ya hapa na ya ng'ambo yaliandika kwamba Uganda ina wakimbizi milioni 1.4. Hesabu ilitoka ofisini, basi ikachukuliwa kuwa kweli. Mwezi Februari 2018 zikavuma shutuma kwamba hesabu imejazwa majina hewa na misaada imeibwa. Maofisa kadhaa wa Ofisi ya Waziri Mkuu wakasimamishwa ili uchunguzi ufanyike.

Ndipo mzani ukaletwa. Tangu Machi hadi Oktoba 2018 serikali na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, walihakiki wakimbizi mmoja mmoja nchini kote, kwa alama za vidole na mboni za macho. Waliothibitishwa walikuwa kiasi cha milioni 1.1.

Hapa pana mafunzo matatu. Kwanza, hesabu yenye muhuri nayo huulizwa: mlihesabu lini, na kwa njia gani? Pili, pengo la laki tatu peke yake si ushahidi wa wizi wa laki tatu. Wapo waliokwisha kurudi kwao au kuhama, na wapo walioandikwa zaidi ya mara moja. Tatu, aliyesimamishwa kazi bado hajahukumiwa. Mwandishi aandike "anashutumiwa", asiandike "ameiba". Na mama aliyepanga foleni na watoto wake asiitwe mkimbizi hewa kwa sababu ya makosa ya makaratasi.

JE, JELA NDIYO DAWA?

Wapo wasemao mwandishi akikosea afungwe. Sisi hatukubali. Mwaka 1997 Charles Onyango-Obbo na Andrew Mwenda wa gazeti la The Monitor walishtakiwa kwa kuchapisha habari za uongo, baada ya kurudia habari ya jarida la nje kuhusu dhahabu ya Kongo. Februari 2004 Mahakama ya Juu ya Uganda iliifuta sheria ya kosa hilo, kwa kuwa ilipingana na uhuru wa kusema uliomo katika Katiba. Sheria ile ilikuwa fimbo mkononi mwa mwenye nguvu. Lakini kufutwa kwake hakukuvunja mzani. Mzani umebaki mikononi mwa mwandishi mwenyewe. Na mtu aliyechafuliwa jina angali na haki ya kwenda mahakamani kudai fidia.

NA SISI JE?

Wengi wenu mwatuletea barua. Tuseme umesikia kwamba mwajiri wako hapeleki fedha za NSSF. Sheria yataka akate asilimia 5 katika mshahara wako, naye aongeze asilimia 10, kisha azipeleke zote. Usiandike bado kwamba "ametula". Chukua karatasi zako za mshahara, utazame kama asilimia 5 imekatwa. Nenda NSSF uombe taarifa ya akaunti yako, ulinganishe mwezi kwa mwezi. Waombe wenzako watatu wafanye vivyo hivyo. Kisha mwajiri aulizwe kupitia tawi la chama, na jibu lake liandikwe; akikataa kujibu, hilo nalo liandikwe.

Barua kama hiyo ni vigumu kuipuuza. Barua ya uvumi humfungulia mwajiri mlango wa kutokea: atashika neno moja lisilo kweli, alikanushe mbele ya watu, na madai tisa ya kweli yatazikwa pamoja nalo. Aliyeandika aweza hata kupoteza kazi, na chama kikakosa la kumtetea.

Nasi tunaotoa kurasa hizi twajifunga kwa kanuni hiyo hiyo. Tutakuuliza umejuaje. Usikasirike, ndivyo tunavyokulinda wewe na wenzako. Na tukichapa kosa, tutalisahihisha papa hapa, wazi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA TAWI

1. Wiki hii tumesikia habari gani kazini? Nani aliona kwa macho yake, na nani aliambiwa?

2. Ni karatasi gani yaweza kuthibitisha au kukanusha habari hiyo, na nani anayo?

3. Je, anayeshutumiwa amekwisha kuulizwa?