Jibu la Sheli Halifiki Kama Lilivyotoka: Mafunzo Niliyopata

Kwa miaka mingi nimepanga kurasa za majarida kwenye kompyuta za Mac, na kazi za kuchosha nimeitwika AppleScript ikisaidiwa na amri za sheli. Wawili hawa hawakulelewa nyumba moja. AppleScript ilitoka mwaka 1993, enzi za System 7. Sheli ni ya Unix, ikaingia Mac pamoja na OS X. Kinachowakutanisha ni amri moja, do shell script. Wewe unayetaka mashine ikufanyie kazi usiku umelala, sikiliza yaliyonikesheza mimi.

1. Mistari hubadilishwa njiani

Niliomba orodha ya picha kwa ls, nikaihifadhi kwenye faili, kisha nikaiagiza grep initafutie za jalada tu. Ikanirudishia orodha nzima. Nikafungua faili: mistari imejipanga vizuri kabisa. Basi nikailaumu grep, chombo kinachotumika duniani tangu miaka ya 1970, kana kwamba kilikuwa kikinisubiri mimi ndipo kiharibike.

Amri ya od -c ndiyo iliyoniumbua. Kila mwisho wa mstari palikuwa na \r. Alama ya \n haikuwapo hata moja. Do shell script hugeuza \n ya Unix kuwa \r, alama ya Mac za zamani, na ile ya mwisho kabisa huiondoa. Machoni pa grep, orodha yangu yote ilikuwa mstari mmoja mrefu.

Ongeza without altering line endings, jibu litabaki lilivyo. Ila hapo \n ya mwisho nayo hubaki, kwa hiyo "ndiyo" iliyotoka kwenye sheli haitalingana na "ndiyo" uliyoandika mwenyewe. Kama unataka tu kupita mstari kwa mstari ndani ya AppleScript, paragraphs of inazielewa alama zote mbili.

2. Kukosa kitu huhesabiwa kufeli

Skripti yangu ya kusaka picha mbovu ilikufa siku ambayo picha zote zilikuwa nzima. Grep isipoona kitu hutoka na namba 1, na do shell script huchukulia namba yoyote isiyo 0 kuwa kosa. Diff nayo hutoa 1 mafaili yakitofautiana.

Wengi hubandika || true mwishoni. Siipendi, maana humeza hata 2, ambayo kwa grep ni hitilafu ya kweli. Weka try, kisha kwenye on error usome namba: 1 maana yake hakuna kitu, zaidi ya hapo simama.

3. Malalamiko hayaletwi

Unachopokea ni stdout peke yake. Amri ikifaulu, maonyo yake ya stderr hupotea. Ikifeli, ndiyo yanayogeuka kuwa ujumbe wa kosa. Ukiyataka yote, andika 2>&1. Na usishangae programu ya Homebrew "haipo" wakati kwenye Terminal unaiona: do shell script hutumia /bin/sh, haisomi .zshrc yako. Andika njia kamili.

4. Ng' yetu ni mtego

Majina yaliyotoka kwenye amri moja nilikuwa nayarudisha moja kwa moja kwenye nyingine. Ikaja ng'ombe.jpg, sheli ikalalamika kwamba alama ya kunukuu haikufungwa. Hiyo ni heri, kwani imesema. Ukiipa cat faili mbili, ng'ombe.txt na ng'ambo.txt, alama ya kwanza hufungwa na ya pili, na cat hutafuta faili moja iitwayo "ngombe.txt ngambo.txt".

Quoted form of hugeuza jina la ng'ombe.jpg kuwa 'ng'\''ombe.jpg'. Linatisha kulitazama, lakini sheli hulisoma sawasawa, na nafasi zilizomo ndani ya majina ya mafaili huwa zimeshughulikiwa papo hapo.