Usilikimbize Ua la Usambara

Wadogo zangu, leo nalijibu swali la mwenzetu wa Ilazo, kwa sababu ni wengi wenye kilio kama chake tangu watu waanze kuhamia Dodoma na familia zao na vyungu vyao vya maua. Anasema alinunua Saintpaulia, lile ua dogo la ndani lenye majani ya manyoya na maua ya zambarau, likiwa na upana wa kiganja. Miezi minne imepita na liko vilevile. Amelihamishia kwenye chungu kikubwa, ameliongezea samadi ya mbuzi, analimwagilia kila asubuhi. Sasa majani ya chini yanalegea, naye anauliza aongeze nini.

Usiongeze kitu, mdogo wangu. Punguza. Ua hilo lina umbo lake na mwendo wake, na ukishavijua utaacha kuhangaika nalo.

Hilo ni ua la nyumbani kwetu. Mwaka 1892 ofisa wa kikoloni wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hannover, akalipa jina la kitaalamu linalobeba ukoo huo. Wajerumani wenyewe hadi leo wanaliita ua la Usambara. Tangu mwaka 2015 wataalamu wameliingiza katika jenasi ya Streptocarpus, lakini wauzaji na wapenzi wake wanaendelea na jina la zamani, nami pia. Kule msituni linakaa juu ya miamba, kwenye kivuli, karibu na vijito, mizizi yake ikiwa imejishika kwenye udongo mchache uliojikusanya kwenye nyufa. Mmea uliozoea kuishi kwenye udongo wa kujaza kiganja hauna sababu ya kuwa mkubwa, wala hauna mizizi ya kwenda chini.

Kwa hiyo usipime urefu wake. Kwa kawaida haupiti sentimita 15 kwenda juu, hata ungeutunza miaka kumi. Huu mmea hutanuka kwa pembeni kama sahani, majani yakitoka moyoni na kusukumwa nje kwa duara. Chukua rula, pima kutoka ncha ya jani la upande mmoja hadi ncha ya jani la upande wa pili. Aina za kawaida hufika sentimita 20 hadi 40. Zipo kubwa zinazopita 40, na zipo ndogo kwa asili ambazo hazifiki 20 maisha yao yote. Kama ulinunua moja ya hizo ndogo, basi upana wa kiganja unaweza kuwa ndio utu uzima wake. Muulize aliyekuuzia mmea mama una ukubwa gani.

Na mwendo? Ukipanda jani lenye kikonyo chake, mizizi huchukua wiki tatu au nne. Vitoto vidogo huchungulia udongoni baada ya miezi miwili au mitatu. Ua la kwanza utaliona kati ya miezi tisa na mwaka mzima tangu ulipochomeka jani. Aliyezoea kunde na mlenda atauona mwendo huu ni wa kutesa, lakini ndio wake. Dalili ya afya iko moyoni mwa mmea. Ukiona vijani vipya vya kijani kibichi vinafunguka pale katikati, mmea unakua hata kama rula inasema haujaongezeka, kwa sababu majani ya nje yanazeeka na kuondoka huku mapya yakiingia.

Sasa kile chungu kikubwa. Hicho ndicho kinachoua maua mengi kuliko kitu kingine chochote ninachokijua. Upana wa chungu uwe theluthi moja ya upana wa mmea: mmea wa sentimita 24, chungu cha sentimita 8. Ndiyo, ni kidogo hivyo. Mizizi ikijaa chungu ndipo mmea unapotoa maua kwa wingi. Chungu kikiwa kikubwa, udongo usiofikiwa na mizizi hubaki na maji, hewa inakosekana, mizizi inaoza, na mmea wenye mizizi iliyooza hulegeza majani kana kwamba una kiu. Mwenyewe akiona hivyo anaongeza maji. Umeelewa yaliyompata mwenzetu?

Kuna jambo jingine ambalo ni la Dodoma yetu hasa. Amani, kule Usambara Mashariki, hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Sisi huku kwa kawaida hatufiki hata 600, na karibu zote zinakuja kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki hewa ni kavu na upepo umejaa vumbi jekundu. Halafu kuna maji. Maji mengi ya visima vya huku yana chumvi. Unaiona kwenye birika la chai na kwenye bomba la bafuni. Ukimwagilia mmea mdogo kwa maji hayo, maji yanapaa na chumvi inabaki. Baada ya miezi kadhaa utaona utando mweupe au wa kahawia juu ya udongo na kwenye ukingo wa chungu. Kikonyo cha jani kikilalia ukingo huo kinaungua na kuoza, na vijani vya moyoni vinabanana, vinakakamaa, havifunguki. Hapo ndipo mmea unapodumaa kweli.

Kuyachemsha hayo maji hakusaidii. Mvuke unaondoka, chumvi haiondoki, kwa hiyo unapata maji yenye chumvi zaidi kidogo. Kinachosaidia ni maji ya mvua, na usidhani unahitaji tangi. Chungu kidogo kinatosheka na kikombe kimoja cha robo lita kwa wiki. Kuanzia Mei hadi Novemba ni wiki kama 30, yaani lita saba na nusu. Dumu moja la lita 20 ulilokinga Machi na kulifunga vizuri linavusha vyungu viwili kiangazi chote, na maji yanabaki. Tena kila baada ya mwezi mmoja au miwili mimina maji hayo kwa wingi juu ya udongo, yapite hadi yatoke chini, yasafishe chumvi iliyobaki, kisha mwaga ya kwenye kisahani.

Mwagilia udongo wa juu unapokuwa mkavu ukiugusa kwa kidole, si kwa kalenda. Maji yawe ya uvuguvugu wa chumbani. Ya baridi yakidondokea majani huacha madoa yasiyofutika. Vumbi liondoe kwa brashi laini, usiyafute majani kwa kitambaa, yale manyoya hayapendi.

Mmea huu unataka mwanga mwingi lakini usio wa jua kali. Dirisha la mashariki ni zuri. La kaskazini uwe nalo makini, maana kuanzia Aprili hadi Septemba jua letu la mchana hupita upande huo. Weka pazia jepesi. Usiku wa Juni na Julai ondoa chungu dirishani, kwa sababu joto likishuka chini ya nyuzi 15 mmea husimama kukua hadi litakaporudi. Hiyo nayo si kudumaa.

Mdogo wangu wa Ilazo, fanya hivi Jumamosi hii. Utoe mmea kwenye chungu, kung'uta ile samadi, kata mizizi yote ya kahawia iliyolainika na majani yaliyolegea. Urudishe kwenye chungu kidogo chenye matundu, udongo uwe mwepesi: mboji iliyoiva vizuri, mchanga, na pumba za mpunga zilizochomwa, kwa sababu udongo wetu mwekundu ukikauka unakuwa kama tofali. Mbolea isahau kwa miezi miwili. Ukikuta shina lenyewe limeoza, chagua jani zima la duara la katikati, lenye afya, likate na kikonyo cha sentimita tatu hivi, lichomeke kwenye mchanganyiko huohuo na ulifunike kwa mfuko wa nailoni mwangavu ili lisikaushwe na hewa ya huku.

Na nyie mnaopita Morogoro au kupanda Amani, jamaa zake wa porini wapo pale, katika misitu ya Uluguru na Usambara, na wanapungua kadiri misitu inavyokatwa. Watazameni, wapigeni picha, msiwang'oe. Jani moja kutoka kwa jirani hutoa vitoto kadhaa. Kila kimoja kikifika upana wa sentimita tano, kitenganishe na ukipe kichungu chake.