Dawa za Miti, Vidonge Vitamu, na Swali la Kipimo



Somo la toleo hili limetokana na swali tulilouliziwa mbele ya watu, na tunakiri kwamba siku hiyo hatukuwa na jibu. Mama mmoja alisimama katika mkutano wa kikundi, upande wa Kathiani, akasema: "Si ni nyinyi mlitufundisha ati dawa za asili hazina madhara?"

Mtoto wake wa miaka minne alikuwa amerudi kutoka Mombasa kwa shangazi yake. Baada ya siku chache akaanza kuchemka mwili. Mama alikuwa na chupa ndogo aliyonunua sokoni, yenye vidonge vyeupe vitamu kama peremende. Muuzaji alimwambia ni dawa ya asili ya homa, imetoka kwa miti, hata mtoto mchanga anaweza kupewa. Basi akampa vitatu asubuhi, vitatu mchana, vitatu jioni. Siku ya tatu mtoto alikuwa hawezi kuketi. Mweka hazina wa kikundi, aliyekuwa amekuja kwa mambo ya mchango tu, ndiye aliyemwambia, "Mama, tafuta leso tumbebe sasa hivi." Damu ilipopimwa ilikuwa malaria, tena kali. Mtoto alilazwa, akapona. Daktari aliwaambia kwamba wangengoja usiku mmoja zaidi, yangekuwa maneno mengine.

Sasa, yale maneno ya "hazina madhara" tuliyasema kweli, katika semina. Tulikosea. Ndiyo sababu tunarudi darasani pamoja nanyi.

HIVYO VIDONGE VITAMU NI NINI?

Tuliiomba ile chupa tuitazame. Ilikuwa na jina la Kilatini na, chini yake, alama 30C. Hiyo si dawa ya miti kama tunavyoijua sisi. Inaitwa homeopathi. Wengi huku kwetu hutumia neno hilo kwa kila dawa isiyo ya hospitali, na hapo ndipo tunapochanganyikiwa.

Homeopathi ilianzishwa na daktari wa Ujerumani, Samuel Hahnemann, aliyeandika juu yake mwaka 1796. Alikuwa amemeza gome la mti wa sinkona, ambalo wakati huo lilitumiwa kutibu homa ya malaria, naye akajisikia kama mtu mwenye homa. Akafikiri: kumbe kitu kinacholeta dalili kwa mtu mzima wa afya kinaweza kuondoa dalili kama hizo kwa mgonjwa. Kwa hivyo wanaomfuata hutumia kitunguu kwa mafua, kwa sababu kitunguu hutoa machozi na makamasi. Hutumia nyuki mzima kwa uvimbe unaochoma kama mwiba wa nyuki. Wana dawa inayotoka kwa chumvi ya kawaida, nyingine kwa salfa, nyingine kwa sumu ya nyoka, na nyingine kwa mbegu za mti wa Asia uitwao nux vomica, wa ukoo mmoja na muteta wetu.

Mpaka hapo mtu anaweza kusema, si ni vitu vya asili tu? Ni kweli. Lakini tazama kinachofuata. Tone moja la kitu hicho huchanganywa na matone 99 ya maji au spiriti, na kutikiswa. Tone moja la mchanganyiko huo huwekwa tena katika matone mengine 99. Hiyo 30C maana yake ni kufanya hivyo mara 30. Wao wanaamini kwamba kadiri unavyozimua ndivyo nguvu inavyozidi.

Jaribuni wenyewe katika kikundi, hakuna gharama. Chukua kijiko kimoja cha chai cha chumvi, tia katika vijiko 99 vya maji, yaani karibu nusu lita. Onja: ni chumvi kabisa. Sasa chota kijiko kimoja cha maji hayo, tia katika vijiko vingine 99 vya maji safi. Onja tena. Ulimi hausikii kitu, na hiyo ni mara ya pili tu. Wataalamu wa kemia wamepiga hesabu kwamba ukifika mara ya 12 hivi, si rahisi hata chembe moja ya kile kitu cha mwanzo iwe imebaki. Chupa ya yule mama ilisema mara 30. Kwa hiyo alichokuwa akimpa mtoto ni sukari, na malaria haiogopi sukari.

Tuseme haki pia. Wako watu wanaosema wamesaidiwa. Mafua huisha yenyewe kwa wiki moja, mgongo huuma leo na kesho ukatulia, na yule mwenye vidonge huwa anaketi na mgonjwa saa nzima akimwuliza habari za usingizi, chakula na mashaka yake. Katika dispensari zetu nyingi hupati hata dakika tano. Hilo ni jambo la kulisema kwa wakubwa wa afya bila woga. Lakini kusikilizwa hakuui vijidudu vya malaria. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kwamba homeopathi isitumiwe kutibu ukimwi, kifua kikuu, malaria, homa ya mafua wala kuhara kwa watoto.

DAWA ZETU ZA MITI NI KITU KINGINE

Katika sufuria ya susu hakuna kuzimua mara 30. Mti uko ndani, na nguvu yake iko ndani. Lile gome la sinkona lililomdanganya Hahnemann ni dawa kweli: mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walitoa ndani yake kwinini, ile chungu tuliyoimeza sote. Vile vile dawa ya malaria tunayopewa sasa hospitalini, AL, ambayo Kenya iliichagua mwaka 2004 kuwa ya kwanza, ina dawa iliyotokana na mmea wa Kichina uitwao artemisia. Mama Tu Youyou wa China alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuigundua. Na si mbali na sisi: katika miaka ya 2000 kiwanda cha Athi River kilikuwa kikinunua majani ya artemisia kutoka kwa wakulima wa Afrika Mashariki na kutoa dawa hiyo ndani yake.

Kwa nini basi tusipande artemisia nyuma ya jiko na kunywa chai yake? Swali hili tunaliuliziwa sana. Tatizo ni kipimo. Jani la shamba hili si sawa na la shamba lile, la mvua si sawa na la kiangazi, na bilauri yangu si bilauri yako. Ukimeza kidogo kuliko inavyotakiwa, homa inashuka siku mbili, vijidudu vinabaki, na vile vigumu ndivyo vinavyozaana. Shirika la Afya Duniani linakataza chai hiyo kwa kutibu au kuzuia malaria. Tena hapa Machakos malaria si ya mwaka mzima kama Pwani au Ziwani, kwa hiyo wengi wetu, hata watu wazima, hatuna kinga ya kutosha. Aliyerudi safari akiwa na homa apimwe damu siku hiyo hiyo.

MUKAWA NA WATU WA LOLIONDO

Mukawa mnaujua. Uko kwenye ua, una miiba, na watoto hula matunda yake njiani. Mwaka 2011 mti huo ulisimamisha Afrika Mashariki. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, katika kijiji cha Samunge huko Loliondo, Tanzania, alianza kuwapa watu kikombe cha dawa yake iliyochemshwa kwa mizizi ya mti huo, kwa shilingi 500 za Tanzania. Ilisemwa inaponya ukimwi, kisukari, saratani, shinikizo la damu. Foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi, na Wakenya walikuwa wengi. Wengine walikufa wakingoja zamu. Wengine walikunywa, wakarudi nyumbani, wakaacha dawa zao za hospitali.

Hatusemi mukawa hauna kazi. Mizizi yake imechemshwa Ukambani kabla ya sisi kuzaliwa, kwa maumivu ya mwili na kifua. Lakini hakuna mzee wetu aliyesema kikombe kimoja kinaponya kila ugonjwa wa kila mtu. Mganga wa kweli wa zamani alikuuliza kwanza unaumwa wapi.

MITI MINNE TULIYOIZOEA

Kiluma, yaani mshubiri, tunauona kila mahali kwenye mawe. Ute mweupe wa ndani ni mzuri kwa kuungua kidogo na ngozi iliyokauka. Lakini utomvu wa njano ulio chini ya ganda ni kitu kingine, unaendesha tumbo kwa nguvu. Mama mjamzito asiunywe, na mtoto asipewe. Wengi huutia katika maji ya kuku wakati wa kideri. Kuku hunywa, na kuku hufa. Kideri hakina dawa, ni kuchanja kabla. Kikundi kikinunua chupa moja ya chanjo pamoja, gharama kwa kila kuku ni ndogo kuliko yai. Na msidanganywe na wanunuzi wa utomvu wanaokuja na madebe: tangu mwaka 1986 kuna amri ya Rais inayolinda shubiri za porini. Anayetaka kuuza apande zake na kufuata kibali.

Mwarobaini umeitwa hivyo kwa sababu ya magonjwa arobaini, nasi tunafikiri waliohesabu walikuwa wakarimu. Majani yake makavu yakichanganywa na maharagwe ghalani husaidia kupunguza wadudu, na dawa ya maji yake hufukuza wadudu wa sukuma. Lakini mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwaletea watoto wadogo degedege na kifo. Yasiingie kabisa kinywani mwa mtoto. Mjamzito pia auache mti huu.

Muteta katika supu ya mifupa, kwa wazee wenye viungo vinavyouma, hatuna ugomvi nao. Tumekunywa, tutakunywa. Ila mkumbuke ule ukoo wake: ndugu zake wengine ni sumu ya kuulia panya. Vijana wasiende msituni kukata "kitu kinachofanana na muteta". Aende anayeujua.

Mukenea, ule wenye vifundo vya miiba kwenye shina, majani yake ni chai nzuri ya mafua na kikohozi kidogo. Kikohozi kikipita wiki mbili, acha chai, nenda ukapimwe kifua kikuu.

Jambo moja juu ya kuhifadhi. Mwaka 2004, hapa Ukambani, watu 125 walikufa kwa sumukuvu ya mahindi, wengi Makueni na Kitui, na Machakos pia. Ishara yake ilikuwa macho ya njano na tumbo kuvimba. Ukungu hauchagui mahindi tu. Mizizi na magome yaliyofungwa katika nailoni kabla ya kukauka huota ukungu vile vile. Kausha kivulini, juu ya kitanda cha fito, weka katika mfuko wa karatasi, andika jina la mti na tarehe. Kikiwa na harufu ya ukungu, tupa. Usichemshe ati moto utaua sumu, hauiui.

Na unapochukua gome, usizungushe shina lote, mti utakufa. Kata tawi. Kama jina la mti linaleta ubishi (maana mti mmoja una jina lake Kangundo na jingine Masinga), kausha tawi lenye maua ndani ya gazeti mulipeleke Makumbusho ya Taifa, Nairobi, ambako kuna wataalamu wa kutambua mimea.

CHUMVI TENA

Tulianza na chumvi ya homeopathi, turudi kwa chumvi ya jikoni. Mtoto anapohara, kinachomwua ni kukaukiwa maji. Chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, vijiko vikiwa vimesawazishwa kwa kisu. Koroga, mpe kidogo kidogo kila baada ya kuhara, na umtafutie pakiti za maji ya chumvi na vidonge vya zinki kwenye dispensari. Chumvi ikizidi ni hatari, ikipungua haisaidii. Kama kuna damu, au macho yameingia ndani, au mtoto hawezi kunywa, hapo usikoroge kitu, beba mtoto.

MASWALI YA KUJADILIANA

Katika kikundi chenu, ni nani aliyewahi kuchelewa kwenda hospitali kwa sababu ya dawa ya kienyeji au ya sokoni? Aeleze bila kuchekwa.

Wazee wenu wanajua miti gani, na je, wanaeleza kiasi cha kuchemsha, au wanasema tu "chemsha"? Katibu aandike katika daftari, pamoja na nani asiipewe.

Yule anayeuza vidonge sokoni siku ya soko, mtamwuliza nini?

Nauli ya usiku kwenda hospitali kutoka kwenu ni shilingi ngapi, na iko mfukoni mwa nani? Kikundi cha yule mama wa Kathiani sasa kimetenga pesa hizo kando, katika mkebe ulio kwa mweka hazina, na hazikopeshwi kwa shughuli nyingine yoyote.