Dondoo muhimu: Moto wa bioethanoli nyumbani

Baridi ya Juni na Julai Songea huwashawishi wengi kuingiza jiko la mkaa chumbani. Tafadhali usifanye hivyo: gesi yake ya sumu haina harufu, na huua watu usingizini. Bioethanoli, spiriti inayotokana na molasi ya miwa au mihogo, ni mojawapo ya nishati safi mbadala. Pima kwanza faida na hasara zake.

Faida
- Haitoi masizi, na moshi wake ni mdogo mno. Macho na mapafu hupumzika.
- Huwaka mara moja, bila kupepea.
- Hupunguza ukataji wa miti.

Hasara
- Lita moja ina takriban asilimia 60 tu ya nishati ya lita ya mafuta ya taa. Maharage yatakula mafuta mengi, hivyo yaloweke usiku kucha.
- Mwali wake ni hafifu, mchana hauonekani vizuri.
- Hula hewa ya chumba.

Usalama
- Hakikisha muuzaji wa uhakika wa bioethanoli yupo karibu kabla ya kununua jiko lake.
- Usiongeze mafuta jiko likiwaka au likiwa la moto. Lizime, lipoe kabisa.
- Acha dirisha wazi. Zima jiko kabla ya kulala.
- Usitumie petroli wala gongo badala ya bioethanoli.
- Usiihifadhi kwenye chupa ya maji au soda: mtoto akiinywa ni sumu.
- Moto ukizuka, ufunike kwa mfuniko au blanketi bichi. Ukikushinda, toka nje, piga 114, Zimamoto.