Mtoto Mdogo Sokoni

Mwezi huu tunapenda tuzungumze juu ya jambo ambalo akina mama wengi hulifanya kila wiki bila kulifikiria sana, yaani kwenda sokoni au gulioni na mtoto mdogo.

Siku moja ya gulio, huko Muleba, tuliletewa mtoto wa miezi minane. Mama yake alikuwa ametoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, na kwa kuwa kule vilimani alfajiri kuna baridi, alimvika sweta, soksi na kofia ya sufu, kisha akambeba mgongoni na kumfunika blanketi. Alipofika alipanga ndizi na maharage yake chini ya turubai la nailoni, biashara ikaanza, wateja wakawa wengi. Ilipotimu saa saba mchana jua lilikuwa kali, na mtoto bado alikuwa na sweta lile lile la alfajiri. Alipofika kwetu mwili ulikuwa wa moto sana, midomo imekauka, amelegea, wala hakuwa amekojoa tangu asubuhi. Waliomsindikiza wote walisema ni malaria. Tulimpima, vimelea havikuonekana. Tulimvua nguo, tukampangusa kwa maji ya kawaida, mama akamnyonyesha, na tukampa maji ya ORS kijiko kwa kijiko. Jioni alikuwa akivuta miwani ya muuguzi.

Hatusemi kwamba homa ya gulioni siyo malaria. Kwetu Kagera mtoto mwenye homa ni lazima apimwe, na apimwe siku hiyo hiyo. Lakini joto nalo laweza kumuua mtoto mchanga, na wengi hatulijui hilo.

Watu hudhani kwamba kivuli ni kivuli tu. Sivyo. Turubai likifungwa chini, karibu na kichwa, hushika joto la jua na kulishusha kwa waliokaa chini yake, tena upepo haupiti. Aliyekaa chini kabisa ni mtoto. Ni afadhali kivuli cha mti, hata kama ni mbali kidogo na wateja. Ukikosa mti, inua turubai juu na uache pande mbili wazi.

Waliojenga soko la Kariakoo, Dar es Salaam, waliliona jambo hilo mapema. Soko hilo lilisanifiwa na Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Paa lake ni la zege, liko juu sana, limeundwa kama miavuli mikubwa iliyogeuzwa ndani nje. Hewa hupita chini yake, na maji ya mvua hukusanywa na miavuli hiyo na kushuka kwenye matangi yaliyo ardhini badala ya kutapakaa miguuni pa watu. Julai 2021 soko liliungua moto, na baadaye kazi ya kulikarabati ikaanza.

Sisi tulilitembelea miaka mingi kabla ya moto huo, tulipokuwa Dar es Salaam kwa mafunzo, tukiwa na mwenzetu na watoto wake wawili. Yule wa miaka minne alipoliona paa aliinua uso, akaduwaa, akaachia kanga ya mama yake. Nasi tulikuwa tumeduwaa vile vile. Tulipotazama chini, mtoto hayupo. Tulimtafuta juu, tukashuka ngazi mpaka soko la chini, na muda ule mfupi tuliuona mrefu mno. Alipatikana kwa muuza vitunguu, amekaa juu ya gunia, analia. Aliulizwa jina la mama yake akajibu, “Mama.” Kosa lilikuwa letu wakubwa. Tangu hapo huwaambia wazazi wote: mfundishe mtoto jina lako kamili, jina la kijiji na la kigango. Asiyeweza kusema, andika namba ya simu kwenye kitambaa na ukishone ndani ya nguo yake.

Tukirudi kwetu, iwe Bukoba mjini penye vibanda vilivyobanana au gulio la uwanjani, tunaomba ufanye jambo moja. Kabla ya kutandika bidhaa zako, chuchumaa mpaka kimo cha mtoto wako, kisha tazama pande zote. Utaona mambo usiyoyaona ukiwa umesimama: jiko la mkaa la muuza ndizi za kuchoma, moshi wa pikipiki usawa wa pua, pembe za mizigo, mtaro wa maji machafu. Mvua zetu ni nyingi, kwa hiyo kaa upande wa juu wa uwanja, uchafu ukuteremkie mwingine, au tuseme usimteremkie mtu yeyote.

Utaona pia chupa za soda. Nyingine zina soda, nyingine zina mafuta ya taa au dawa ya kufulia, na mtoto mwenye kiu hazitofautishi. Akinywa mafuta ya taa usimtapishe, wala usimpe maziwa ili atapike, kwa sababu mafuta yakipanda huingia mapafuni na huko ndiko yanakoleta madhara makubwa. Mvue nguo zilizolowa, chukua chupa yenyewe, kimbia hospitali.

Karanga nzima asipewe mtoto wa chini ya miaka mitano, humpalia. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Mlipuko wa Marburg wa Machi 2023 huko Bukoba Vijijini uliua watu 6 kati ya 9 waliougua, na wakati ule sote tulinawa vizuri. Siku hizi ndoo nyingi zimekauka.

Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji hata jua likiwa kali. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wateja wasubiri. Mkubwa zaidi abebewe maji yaliyochemshwa. Mkirudi nyumbani, mtazame kabla hujahesabu fedha. Akiwa amelegea, macho yamebonyea, hanyonyi, anatapika kila kitu au amepata degedege, usingoje asubuhi. Na baba mwenye pikipiki asiseme amechoka.